Huru, Bure au Wazi: Niliyojifunza Katika Kulitafsiri Neno "Free"

Katika vivumishi vyote vya Kiingereza ambavyo nimekutana navyo kwa miaka mingi ya kutafsiri na kufundisha, hakuna kilichonifunza mengi kama "free". Ni neno fupi ambalo mwanafunzi hulipata mapema sana, na kwa sababu hiyo karibu kila mtu huamini kwamba analijua. Maneno magumu hayanitishi sana, kwa kuwa mfasiri akikutana nayo husita, hufungua kamusi, huuliza wenzake. Neno la kuogopwa ni lile ambalo mkono huliandika kabla akili haijamaliza kuisoma sentensi. Katika kazi nilizoletewa nizihariri nimelikuta neno hili limekuwa "huru" mahali palipotakiwa "bure", limekuwa "bure" mahali palipotakiwa "wazi", na limekuwa "wazi" mahali ambapo sentensi ilihitaji kitenzi cha kukanusha. Mara nyingi sarufi ya Kiswahili ilikuwa safi kabisa, na ndiyo maana kosa la namna hii hupita machoni pa watu wengi: msomaji haoni doa lolote, lakini anaondoka na habari ambayo haikuwamo katika matini chanzi.

Kazi iliyonifanya nianze kulifuatilia neno hili kwa makini ilikuwa fomu ya ridhaa ya washiriki wa utafiti wa afya. Katika ukurasa mmoja wa fomu hiyo neno lilitumika mara tatu. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba mshiriki ni "free" kujitoa wakati wowote. Ya pili ilisema kwamba vipimo vyote ni "free". Ya tatu ilimkaribisha aulize maswali kwa kumwambia "feel free". Tafsiri niliyoletewa niihariri ilikuwa imeandika "uko huru kujitoa", kisha "vipimo vyote ni huru", kisha "jisikie huru kuuliza". Sentensi ya kwanza ilikuwa sahihi. Ya pili ilikuwa imeharibika, kwa sababu kwa Kiswahili vipimo huru hueleweka kuwa ni vipimo vilivyofanywa na chombo kisichofungamana na upande wowote, na mshiriki anayeisoma fomu ile hatajua jambo alilohitaji sana kulijua, kwamba hatadaiwa hata senti moja. Kuhusu ya tatu wengine watanipinga, maana "jisikie huru" imekwisha kuenea. Mimi naona kwamba pale hapazungumzwi uhuru wa mtu hata kidogo; ni adabu tu ya kumwondolea mtu wasiwasi, na Kiswahili kina namna zake za kufanya hivyo: usisite kuuliza, uliza tu, karibu uulize.

Nilipoziweka sentensi zile tatu pamoja niliona zinachoshirikiana, na tangu hapo nimekuwa na swali moja ninalojiuliza kabla ya kuandika chochote: ni kitu gani hakipo? Kila penye "free" pana kitu kilichokosekana, au kilichoondolewa. Kwa mtu aliyeachiliwa kutoka kifungoni, kisichokuwepo ni minyororo. Kwa kiti, ni mtu aliyekikalia. Kwa rafiki unayemuuliza kama ana nafasi jioni, ni shughuli. Kwa dawa ya msaada, ni malipo. Kwa ncha ya kamba inayoning'inia, ni fundo. Kiingereza humruhusu mwandishi akinyamazie kitu hicho na kumwachia msomaji akijaze mwenyewe. Kiswahili humtaka akitaje, ama kwa kuchagua neno, ama kwa kusema waziwazi kwamba hakipo. Hatusemi kiti kiko huru wala kiti ni bure, tunasema kiko wazi au hakina mtu. Hatumuulizi mwenzetu kama yuko bure jioni, tunamuuliza kama ana nafasi. Mfasiri ambaye hajajua ni kitu gani kimekosekana hana njia ya kuandika sentensi yake ya Kiswahili, hata akiwa na kamusi bora kuliko zote.

Historia ya neno lenyewe ilinisaidia kuelewa kwa nini lina matawi mengi kiasi hiki. Lina undugu na "frei" la Kijerumani, na lina undugu pia na "friend", yaani rafiki, kwa kuwa yote yanarudi kwenye mzizi wa kale uliobeba maana ya kupenda, mzizi ambao katika Kisanskriti, lugha ya kale ya India, ulizaa "priya", yaani mpendwa. Wanaisimu hueleza kwamba mtu aliyeitwa hivyo zamani alikuwa mtu wa ndani, mpendwa wa ukoo, tofauti na mtumwa aliyeishi katika nyumba ileile bila kuhesabiwa kuwa ndugu. Kutoka hapo likapata maana ya mtu asiye chini ya bwana, kisha maana ya mtu mwenye tabia njema na mkono mkunjufu, na baadaye sana likafika kwenye maana ya kitu kisicholipiwa. Msemaji wa Kiswahili hapaswi kushangazwa na safari hiyo, kwa kuwa anayo ya kwake inayofanana nayo: muungwana alikuwa kwanza mtu asiye mtumwa, na leo ni mtu mwenye adabu na utu, hata kama anayelitamka neno hilo hafikirii utumwa kabisa. Ile maana ya ukarimu haijafa katika Kiingereza. Mtu akisifiwa kuwa ni "free with his money" hatuambiwi kwamba pesa zake ni huru, tunaambiwa kwamba hana uchoyo. Na akitajwa kuwa ni "free with advice" mara nyingi kuna lawama ndani yake, kwamba hutoa ushauri hata pale asipoombwa.

Matini ninayoipenda zaidi ninapofundisha jambo hili ni Azimio la Kimataifa la Haki za Binadamu, lililopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 10 Desemba 1948. Kifungu cha 1 kinasema kwamba binadamu wote huzaliwa "free", na hapo hakuna mjadala: ni huru. Kifungu cha 16 kinataka ndoa ifungwe kwa ridhaa "free" na kamili ya wanaooana, na hapo Kiswahili chepesi zaidi ni hiari, kwa sababu kisichokuwepo ni kulazimishwa. Kifungu cha 26 kinasema kwamba elimu itakuwa "free", angalau katika hatua za mwanzo na za msingi. Nikifika hapo huwaomba wanafunzi wafunike sentensi inayofuata kwa kiganja, wachague neno, kisha waifunue. Sentensi hiyo inasema kwamba elimu ya hatua za mwanzo itakuwa ya lazima. Aliyechagua "huru" hujikuta na kifungu kinachojipinga chenyewe, elimu iliyo huru na ya lazima kwa pamoja. Aliyechagua "bila malipo" hukiona kifungu kimekaa sawasawa, maana ni haki kabisa kwamba jambo likiwa la lazima lisitozwe fedha. Mtu yeyote anayefikiri kwamba maana ya neno imo ndani ya neno lenyewe namshauri akae na kifungu hicho kwa dakika chache. Maana ya "free" pale imeshikwa na jirani yake.

Nimesema "bila malipo" badala ya "bure" kwa makusudi. Katika mazungumzo ya kila siku "bure" inatosha na ndiyo inayosikika vizuri, lakini ina upande wa pili ambao "free" haina: kazi bure, kelele za bure, kuhangaika bure. Mtu akisema alikwenda bure hajatuambia nauli, ametuambia kwamba hakupata alichokifuata. Kwa hiyo katika hati rasmi, hasa zinazohusu matibabu, elimu na msaada wa kisheria, mimi huandika "bila malipo", ili huduma isionekane kuwa ya kupoteza muda na ili anayeipokea asijione kwamba amepewa kitu kisicho na thamani. Katika tangazo fupi ambalo lazima liingie katika mstari mmoja, nitaandika "bure" bila wasiwasi.

Mahali ambapo neno hili limenisumbua kuliko pote ni pale linapofungwa nyuma ya nomino kwa kistari. "Sugar-free" ni kitu kisicho na sukari. Hilo ni jepesi. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linazungumzia "free sugars", na mfasiri aliyezoea vibandiko vya vinywaji anaweza kuisoma kinyume kabisa. Sukari hizo zipo, tena ndizo zinazokusudiwa kupunguzwa: ni zile zinazoongezwa katika chakula na mtengenezaji, mpishi au mlaji, pamoja na zile zilizomo kwa asili katika asali, sharubati na maji ya matunda. Mwongozo unapendekeza zisifikie 10% ya nishati yote ambayo mtu huipata kwa siku, na unadokeza kwamba kushuka chini ya 5% kunaweza kuleta manufaa zaidi. Zimeitwa hivyo kwa sababu hazikufungiwa ndani ya chembe za tunda zima, kwa hiyo kisichokuwepo ni kizuizi, wala si sukari. Mimi huandika "sukari huru" na kuifafanua mara inapotajwa kwa mara ya kwanza. Jambo hilohilo hutokea katika maelekezo ya kutibu maji ya kunywa. Maji yaliyo "chlorine-free" hayana klorini, ilhali "free chlorine" ni klorini iliyomo katika maji na bado haijaungana na vitu vingine, ile hasa inayoendelea kuua vijidudu. Mwongozo wa kimataifa unataka klorini hiyo isipungue miligramu 0.5 kwa lita baada ya maji kukaa nayo kwa angalau nusu saa. Maneno mawili yakibadilishana nafasi, agizo la kuweka dawa linageuka kuwa agizo la kuiondoa, na atakayeumia ni mtu anayekunywa maji yale, ambaye pengine hatajua kamwe kwamba kulikuwa na mfasiri.

Kistari hicho kina tabia nyingine ambayo nimeipenda tangu nilipoigundua. Kiingereza kina kiambishi tamati "-less" ambacho nacho huonyesha kukosekana kwa kitu, lakini viwili hivi havilingani. Asiye na makazi huitwa "homeless". Hakuna atakayemwita kwa namna ya pili, kwa sababu "-free" huashiria kwamba kilichoondoka kilikuwa mzigo na kwamba kuondoka kwake ni nafuu. Ndiyo maana watu waliochagua kutokuwa na watoto hujiita "childfree" na kukataa "childless", ambayo inasikika kama msiba. Katika Kiswahili yote mawili yanaweza kuwa "asiye na watoto", na hukumu iliyofichwa ndani ya neno inapotea. Mara nyingi huiacha ipotee. Pale ambapo hukumu hiyo ndiyo hoja ya mwandishi, naandika "aliyechagua kutokuwa na watoto", kwa maneno mengi zaidi, na sioni aibu kwa urefu huo.

Vile vibandiko vya vyakula na vinywaji ndivyo vilivyonipa swali la pili: kitu hicho hakipo mpaka kiwango gani? Kwa muda mrefu nilichukulia kwamba "-free" ni sifuri. Sheria hazisemi hivyo. Katika Umoja wa Ulaya bidhaa inaruhusiwa kutangazwa kuwa haina sukari ikiwa sukari yake haizidi gramu 0.5 katika kila gramu 100 au mililita 100, na kiwango cha Codex Alimentarius, yaani mkusanyiko wa viwango vya kimataifa vya vyakula, kwa vyakula visivyo na gluteni, ile protini ya ngano, kinakubali hadi miligramu 20 kwa kilo. Mgonjwa anayesoma "haina kabisa" katika Kiswahili ameahidiwa kitu ambacho Kiingereza hakikumwahidi. Neno "kabisa" ni dogo na tunaliongeza kwa urahisi mno, kwa sababu sentensi inalia vizuri zaidi likiwamo.

Swali hilo la mpaka lilirudi siku mfanyabiashara mmoja aliponiletea profoma, yaani ankara ya awali, ya mashine alizotaka kuagiza. Aliweka kidole juu ya herufi tatu, FOB, zilizofuatwa na jina la bandari, akaniuliza, "Mwalimu, hapa wamesema kusafirisha ni bure, sivyo?" Alikuwa ameambiwa kwamba F ile ni ya "free", na kwa kweli ndivyo ilivyo: maneno kamili ni "free on board". Ni moja ya masharti ya biashara ya kimataifa, Incoterms, ambayo Chemba ya Kimataifa ya Biashara ilianza kuyachapisha mwaka 1936. Nilimweleza kwamba ubure huo unaishia melini. Bei ile inajumuisha gharama za kuufikisha mzigo ndani ya meli katika bandari iliyotajwa, basi. Kuanzia hapo nauli ya meli ni ya mnunuzi, bima akiitaka ni juu yake, na mzigo ukizama au ukiharibika hasara ni yake. Aliitazama ile karatasi kwa muda, akauliza bandari iliyotajwa ni ya upande gani wa bahari. Ilikuwa ya upande wa muuzaji. Akaniomba nimwandikie barua ya kuuliza bei ya pamoja na nauli, nasi tukaiandika palepale. Sidhani kama kamusi yoyote ingemsaidia, maana kamusi ingempa "bure" na ingekuwa haijakosea. Kilichokosekana ni mahali ambapo neno hilo linakoma.

Upande wa sarufi nitausema kwa kifupi. Wanafunzi wengi hufundishwa kwamba kivumishi kikiongezwa "-ly" kinakuwa kielezi chenye maana ileile, na kwa "free" kanuni hiyo haifanyi kazi. Wazee wanaosafiri "free" hawalipi nauli. Wanaosafiri "freely" hawazuiwi mahali popote, hata kama wamelipa nauli kamili. Nafasi ya neno nayo huamua: "free advice" ni ushauri usiolipiwa, ilhali ushauri uliotolewa "freely" umetolewa kwa moyo mkunjufu na unaweza kuwa umelipiwa vizuri. Katika mpira wa miguu "free kick" ni pigo ambalo wapinzani hawaruhusiwi kulikaribia chini ya mita 9.15, kwa hiyo Kiingereza kimelitaja kwa kile kisichokuwepo, yaani bughudha, nasi tumelitaja kwa sababu yake, mpira wa adhabu, kama hatukusema frikiki. Katika isimu mofimu, yaani kipande kidogo kabisa cha neno chenye maana, huitwa huru ikiwa ni ile inayoweza kusimama peke yake. Hizi hazihitaji maelezo zaidi.

Watu wa kompyuta ndio waliolazimika kupambana na utata huu hadharani. Mwaka 1983 Richard Stallman, mtaalamu wa programu wa Marekani, alitangaza mradi wa GNU wa kutengeneza mfumo wa kuendeshea kompyuta, na mwaka 1985 akaanzisha taasisi ya Free Software Foundation. Kwake neno lile lilihusu uhuru wa mtumiaji: kuiendesha programu kwa lengo lolote, kuichunguza na kuibadili, kusambaza nakala zake, na kusambaza matoleo aliyoyabadili mwenyewe. Kuuza nakala hakukukatazwa. Lakini wasemaji wa Kiingereza waliendelea kusikia bei, naye akalazimika kueleza mara kwa mara kwamba anazungumzia neno hilo kama katika uhuru wa kusema, wala si kama katika bia ya bure. Mwaka 1998 wengine wakapendekeza jina "open source", na moja ya sababu ilikuwa kuukwepa mkanganyiko huo. Wafaransa na Wahispania walikuwa na "libre" upande mmoja na neno la bei upande wa pili, na sisi pia tulikuwa na yetu tayari. Mimi huandika "programu huru" kwa zile za Stallman, "programu huria" kwa jina la pili, kwa kufuata soko huria na biashara huria, na "programu ya bure" kwa ile isiyolipiwa ambayo mwenyewe hajamruhusu mtu yeyote kuigusa ndani. Naona tunapaswa kuilinda tofauti hii kwa bidii, kwa sababu msomaji anayepakua programu ya bure akidhani ni huru ataingia katika masharti ambayo hakuyatarajia.

Iko sentensi moja ambayo bado hunisimamisha kila inapokuja. Mwaka 1984, katika mkutano wa wataalamu wa kompyuta huko Marekani, mwandishi Stewart Brand alisema kwamba taarifa inataka kuwa "free", na sentensi hiyo imenukuliwa mara nyingi kama wito wa kuvunja udhibiti. Lakini Brand alikuwa ametangulia kusema kwamba taarifa inataka kuwa ghali, kwa kuwa ina thamani kubwa, na kwamba kwa upande mwingine inataka kuwa "free", kwa kuwa gharama ya kuisambaza inazidi kushuka. Ghali iko pale pembeni, na kinyume cha ghali hakiwezi kuwa huru. Kwa hiyo ninapotafsiri maneno ya Brand mwenyewe naandika kwamba taarifa inataka kutolewa bure. Ninapotafsiri makala ya mwanaharakati aliyeyanukuu maneno hayohayo akiwa na udhibiti wa serikali akilini mwake, naandika kwamba inataka kuwa huru, maana ndivyo yeye alivyoielewa na ndiyo hoja anayoijenga, kisha naweka tanbihi ya mistari miwili kueleza jinsi msemaji wa kwanza alivyoitumia. Wahariri wawili wamewahi kuniomba niiondoe tanbihi hiyo kwa ajili ya nafasi. Nimewaomba wapunguze kitu kingine.